Ndoa ya Karatasi na Talaka ya Karatasi



Kuna maneno mawili yaliyoingia katika miji yetu ya pwani, na leo watu huyatamka barazani bila ya haya, kama wanavyotaja bei ya samaki. La kwanza ni "ndoa ya karatasi". La pili, pacha wake, ni "talaka ya karatasi". Kijana akitaka kukaa Ulaya daima naye hana njia, huambiwa: tafuta mwanamke raia wa huko, mlipe, muoe kwa karatasi. Na akiwa ana mke hapa nyumbani, huambiwa: huyu mwache kwa karatasi, ukishapata makazi ya kudumu utamrudia. Mama mtu huafiki, mjomba huchanga nauli, na sisi tunaoitwa masheikh huombwa tushuhudie na kutia saini.

Mimi nasema: hakuna ndoa ya karatasi wala talaka ya karatasi. Kuna ndoa, na kuna talaka. Mwenye kuzigeuza tikiti ya safari ataipata hiyo safari, lakini atakuwa amelipa kwa mali isiyokuwa yake. Na kabla sijamlaumu mtu mwingine, nitaanza na nafsi yangu.

Miaka kadha iliyopita alinijia usiku, baada ya sala ya Isha, kijana niliyemsomesha mwenyewe tangu Juzuu Amma. Alikuwa sasa mtu mzima, fundi wa umeme, ana mke na watoto wawili. Alifuatana na ndugu yake. Wakakaa mkekani, wakanywa kahawa, na yule ndugu ndiye aliyeanza kusema. Alisema kuwa amepatikana bibi huko Uingereza, raia wa huko, naye amekubali kuolewa kwa malipo. Lakini sheria ya Uingereza haimtambui ila mke mmoja, basi ni lazima ionekane kuwa kijana huyu ameacha.

"Maalim, ni ya karatasi tu," akanambia mwanafunzi wangu. "Nikipata makazi namrudia. Mwenyewe anajua."

Nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nilifikiri nyumba ya mama yake inavyovuja, nikafikiri ada ya shule ya wale watoto, nikajiambia kuwa namsaidia maskini. Siku ya pili nikafuatana naye kwa kadhi nikawa shahidi. Kadhi, ambaye hakujua lolote, alimwuliza kama ilivyo desturi: umemwacha mkeo? Akajibu kwa ulimi wake: nimemwacha. Tukatia saini, tukarudi njiani tukicheka.

Akaenda. Baada ya miaka sita akaja likizo, na makazi ya kudumu yamo mfukoni. Aliingia nyumbani kwa yule bibi na masanduku yake kama mtu aliyetoka sokoni. Usiku ule ule bibi alitoka kwa mlango wa uani, akaja kwangu pamoja na mama yake mdogo. Hakukaa. Aliniuliza akiwa amesimama: "Maalim, mimi ni mke wa nani?"

Jawabu nilikuwa nalijua tangu siku ya saini. Eda yake ilikwisha zamani kwa tohara tatu, na mume hakutamka rejea. Nikamwambia: wewe si mke wa mtu, hawezi kukugusa illa kwa nikahi mpya, kwa ridhaa yako na kwa mahari mapya. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Walikuja watu wawili kunichumbia, kwa nyakati mbali mbali. Niliwarudisha nikisema nina mume. Nanyi mlikuwa mnajua. Kwa nini hamkunambia?"

Mpaka leo sina la kumjibu. Alikuwa anajua kuwa pana karatasi, ni kweli. Lakini hakuna aliyemweleza kuwa ile karatasi ni talaka. Na huko Uingereza ile ndoa nayo ilikwisha zaa mtoto, kwani watu wawili waliolazimika kukaa nyumba moja miaka mitano ni watu, si makaratasi. Kijana yule sasa ana watoto watatu katika nchi mbili, wala hana mke katika nyumba yoyote.

Sasa, ndugu msomaji, tuzipime hoja za wenye kulitetea jambo hili, maana wanazo hoja, na wengine wamesoma.

Hoja ya kwanza husema: talaka ya maandishi ni kinaya, haipiti bila ya nia, na huyu hakunuia. Ni kweli kwamba wanachuoni wa madhehebu yetu ya Kishafi wamesema kuwa aliyeandika talaka bila ya kuitamka hutazamwa nia yake. Lakini je, huyu aliandika tu? Alisimama mbele ya kadhi akatamka neno lililo wazi, na neno lililo wazi halingoji nia. Tena Bwana Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra, ametufundisha kwamba nikahi, talaka na rejea hazina mzaha: anayezitamka kwa mchezo humpata sawasawa na aliyekusudia. Na lau tungekubali kuwa mtu hufungwa na maneno yake pale yanapompendeza tu, mwanamke gani angeweza kulala usiku akijua kuwa ni mke?

Na wewe unayesema kuwa hukunuia, chagua moja. Ama ulimwacha, na hivyo huna haki ya kumrudia bila ya nikahi. Ama hukumwacha, na hivyo ulimwambia kadhi uongo, ukaiapia serikali ya watu uongo, na ukamwoa wa pili kwa kumficha wa kwanza. Mlango wa tatu haupo.

Hoja ya pili husema: wale ni makafiri, tena ndio waliotutawala na kuchukua mali zetu, kuwadanganya si dhambi. Hoja hii hupigiwa makofi barazani, nami naiona ndiyo mbovu kuliko zote. Anayeingia nchi ya watu kwa ruhusa yao ameingia kwa amani, na amani ina pande mbili: wao wasimdhuru, naye asiwahaini. Imamu Shafi katika kitabu chake Al-Umm amelieleza hilo kwa urefu, kwamba Muislamu aliyeingia kwa watu kwa amani si halali kwake kuchukua chochote chao. Na aya ya kwanza ya Sura Al-Maida imetuamrisha kutimiza mikataba, wala haikusema mikataba ya Waislamu peke yao. Bwana Mtume (S.A.W.) alipohama Makka, watu waliokuwa wakitaka kumwua walikuwa wameweka amana zao kwake. Alimwacha Sayyidna Ali nyuma azirudishe moja moja. Ingekuwa mali ya adui ni halali kwa hila, ni nani angestahiki zaidi kuizuia?

Hoja ya tatu ni ya dharura. Husema: njaa, hakuna kazi, watoto wataka kusoma. Hii naisikiliza kwa moyo laini, kwani ndiyo iliyonidanganya mimi. Lakini dharura ya sharia ina mpaka wake: ni ile ya mtu atakayekufa asipokula nyamafu, naye hula kiasi cha kumwondoa mautini. Anayekimbia upanga ana mlango wake. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 umewekwa kwa ajili yake, na Januari 2001, baada ya watu kuuawa Pemba, tuliwaona ndugu zetu wakivuka bahari hadi Shimoni. Hao hawakuhitaji ndoa ya uongo; ukweli wao ulikuwa umewatosha. Ama fundi mwenye mikono miwili na kazi ndogo, huyo ana shida, na shida si dharura. Shida hutafutiwa riziki, na riziki hutafutwa kwa mlango.

Na mtu asiniambie kuwa napinga watu kuhama. Nitapingaje, nami nyumba yetu ilijengwa na wahamaji? Babu zetu wengi walikuja na majahazi kwa pepo za kaskazi kutoka Shihri na Maskati, wakafika hapa wageni, wakauza kahawa na halua, wakachukua mizigo bandarini, wakaoa mabinti wa hapa. Waliwaoa mchana, kwa mahari, wakazikwa makaburi mamoja nao. Hayo ndiyo yaliyokuwa makazi yao ya kudumu. Lakini nitasema kweli yote: wako miongoni mwao walioacha wake huko Hadhramaut, wakawaandikia barua mwaka wa kwanza, na wa pili, kisha wasiandike tena. Wanawake wale walizeeka wakingoja majahazi. Kwa hiyo dhulma hii si mpya kwetu. Upya wake ni kwamba leo tunaitilia saini.

Basi, ukiisha kusikia ya dini, sikia na ya dunia, upate kujua ni kitu gani unachokinunua. Wengi hudhani ndoa ya karatasi ni uongo wa siku moja: wasema, watia saini, yamekwisha. Sivyo. Katika njia ya kawaida ya Uingereza, aliyeoa raia wa huko akaomba akiwa nje hupewa kwanza ruhusa ya miezi 33. Ikiisha huomba nyongeza ya miezi 30. Akitimiza miaka mitano ndipo aombe makazi ya kudumu, ambayo wao huyaita ruhusa ya kukaa bila ya kikomo. Na kabla ya hapo afanye mtihani wa lugha, na mtihani mwingine wa maisha ya nchi ile, maswali 24 kwa dakika 45, apate 18 ndipo afaulu. Katika kila ombi wote wawili huthibitisha upya kuwa ndoa yao ni ya kweli na kwamba wanakusudia kuishi pamoja daima, na huleta barua na bili za nyumba kuonyesha kuwa wanakaa pamoja. Basi ni uongo wa miaka mitano, unaolala nao, unaamka nao, na kuutolea ushahidi mara tatu kwa uchache. Moyo unaofanya hivyo utasalije?

Na baada ya hayo yote, huo udumu wenyewe ni mdogo. Mwenye ruhusa ile akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo, humtoka. Na sheria yao ya mwaka 2002 inaruhusu kumvua aliyeipata kwa udanganyifu. Hata akipanda akawa raia, sheria ya uraia ya mwaka 1981 inaruhusu uraia uliopatikana kwa uongo uondolewe, wala haikuweka miaka ambayo ikipita mtu husalimika. Mtu atajenga nyumba, ataozesha watoto, naye kila bahasha ikianguka mlangoni moyo humruka.

Marekani nao sheria yao ya mwaka 1986 imeweka kifungo kisichozidi miaka mitano na faini isiyozidi dola 250,000 kwa mwenye kufunga ndoa kwa kusudi la kukwepa sheria ya uhamiaji. Tena aliyethibitika kuwa aliwahi kutumia ndoa ya uongo hapitishiwi ombi lingine kwa njia ya mke wala ya ndugu, hata akija akaoa baadaye ndoa ya kweli kabisa. Tafakari jambo hili. Mtu huyo siku moja atampata mwenzi anayempenda kwa haki, na ule uongo wake wa zamani ndio utakaosimama mlangoni kumzuia.

Kuna mwengine tena anayelipa, naye hana kosa hata moja: ni yule anayekuja nyuma yako na ndoa ya kweli. Hadi mwaka 1997 Uingereza walikuwa na kanuni iliyomtaka aliyeoa aonyeshe kwamba kusudi lake kubwa si kuingia nchini. Na watu wengi, hasa wa Bara Hindi, walitenganishwa na wake na waume zao wa halali kwa sababu hiyo. Mwaka 1979 ilifichuka kuwa katika uwanja wa ndege wa Heathrow mwanamke mmoja wa Kihindi aliyekwenda kuolewa alikaguliwa mwili ili ijulikane kama ni bikira. Wallahi ni fedheha, na fedheha hiyo ni ya walioitenda. Sisemi kwamba uongo wa wahamaji ndio ulioizaa. Kiburi na ubaguzi vilikuwamo. Lakini kila ndoa ya uongo inayofichuka humpa mbaguzi hoja ya kuwadhania wote ubaya. Sheria ya mwaka 2014, iliyoanza kufanya kazi Machi 2015, ilirefusha siku za kungoja kabla ya ndoa kutoka 15 hadi 28, na yule mgeni atiliwaye shaka huweza kungojeshwa siku 70 achunguzwe. Bi harusi wa kweli anayengoja siku hizo analipa deni lako. Wewe humjui, lakini Mola wake anamjua.

Kwa hiyo tufanyeje? Sitaki kupiga kelele nikaacha watu njiani.

Wewe mwenye ndoa ya kweli, nenda na ndoa yako bila ya hofu, useme kweli hata pale kweli inapoonekana kukudhuru. Ikiwa uliwahi kuoa, sema uliwahi kuoa. Ikiwa ulikataliwa zamani, sema ulikataliwa. Wala usimpe dalali makaratasi yako: tangu sheria ya mwaka 1999, huko Uingereza ni kosa mtu kujifanya mshauri wa mambo ya uhamiaji ila awe ana kibali cha kazi hiyo. Asiye na kibali akikuharibia, atakayerudishwa ni wewe, naye atabaki na fedha zako. Na usitie saini karatasi usiyoifahamu.

Wewe usiye na ndoa ya huko, ziko njia za kazi na za masomo. Ni nyembamba na ghali, na huenda zisikufungukie. Likikukataa dirisha moja, riziki yako haikuandikwa katika dirisha lile peke yake.

Wewe mama unayemwambia mwanao "kubali tu, mwanangu, wenzako wote wamefanya": fedha atakazoleta utazila pamoja na nani? Yule mkwe uliyemwambia asubiri ni mtoto wa mwanamke kama wewe.

Wewe binti unayeambiwa uachike kwa karatasi, usikubali mpaka uulize. Uliza mbele ya mashahidi: baada ya saini hii, mimi ni mke au si mke? Watakaotafuta maneno ya kuzunguka, jua kuwa wanakuuza. Na kama umekwisha achwa, basi umeachwa. Hesabu eda yako, na ikiisha, mwenye kukutaka kwa heri na aje mlangoni.

Na sisi wenye vilemba tuache kushuhudia tusichokiamini. Mimi tangu usiku ule huuliza maswali mawili kabla ya kuikamata kalamu: je, mwenyewe bibi yupo hapa? Na je, amefahamu? Wako walioninunia. Wako waliokwenda kwa wengine. Yule mwanafunzi wangu naye hanisalimii vizuri, na bibi alikataa nikahi mpya, na haki ni yake. Nilimwendea kumtaka radhi. Alinipa chai, wala hakusema amesamehe, nami sikumlazimisha.

Nimalizie kwa kisa mnachokijua, lakini pengine hamjakitazama kwa jicho hili. Waislamu wa mwanzo walioteswa Makka walivuka bahari kiasi cha mwaka 615 wakaenda Uhabeshi, nchi ya mfalme Mkristo. Walikuwa wageni wanaoomba kukaa. Makureshi wakamtuma Amr bin Al-As na zawadi ili warudishwe, naye akamwambia Najashi: waulize wanasemaje juu ya Isa mwana wa Mariamu. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Maisha yao yote, makazi yao, watoto wao, yalining'inia juu ya jawabu moja. Wangeweza kusema uongo mdogo ukampendeza mfalme. Wakakubaliana kuwa watasema kweli, liwe litakalokuwa. Jaafar bin Abi Talib akasimama akasema alichofundishwa na Mtume wake. Na mfalme akawaambia wakae kwa amani, akarudisha zile zawadi.

Wale walikuwa na dharura kuliko wewe na mimi, ndugu msomaji, na hawakumdanganya mwenyeji wao. Nasi tusiwadanganye wenyeji wetu, wala tusiwadanganye wake zetu.

Wabillahi tawfiq.